Msuka, Pigo na Nyonga: Kwa Nini Istilahi za Upasuaji Zianzie kwa Fundi

Utangulizi

Imezoeleka miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili kudai kwamba lugha hii inatosheleza mahitaji yote ya sayansi na teknolojia. Dai hilo hutolewa katika makongamano, hupigiwa makofi, kisha wasemaji hurejea makwao. Ni nadra dai lenyewe kupelekwa mahali ambapo litapimwa kwa haki. Mahali pamoja pa kulipimia ni wodi ya mifupa, mbele ya mgonjwa kutoka Ganze au Magarini ambaye ameambiwa kwamba nyonga yake itaondolewa na kuwekewa nyingine ya chuma, naye anatakiwa atie sahihi au dole gumba kwamba ameelewa.

Ameelewa nini, na kwa maneno gani? Makala haya yanashikilia mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kinayo maneno ya kueleza hata jambo la ndani kabisa la upasuaji huo, yaani nguvu ambayo daktari hutumia kupachika kichwa cha nyonga kwenye shina lake. Pili, maneno hayo hayahitaji kubuniwa upya, kwani yamo vinywani mwa mafundi wanaotia mipini majembe, mashoka na tezo. Tatu, kuyapuuza maneno hayo kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi na mwanaisimu bali na mwili wa mgonjwa.

Nyonga za Kilifi

Huenda msomaji akauliza kwa nini mjadala wa nyonga za chuma uanzie Kilifi na Malindi. Jibu limo katika damu ya wenyeji wenyewe. Mnamo 1949, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba chembe zenye umbo la mundu hupatikana kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali ni adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi chembe hizo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hiyo ndiyo sababu urithi huo umedumu katika maeneo yenye mbu. Ila mtoto anayeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu. Utafiti uliofanyiwa watoto wachanga Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu 1989, umeonyesha kwamba chini kidogo ya mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na ugonjwa huo.

Selimundu haiishii katika damu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa myembamba, na mojawapo ya sehemu zenye mishipa michache ni kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya nyonga. Damu ikikosekana hapo, mfupa hufa, tufe hubonyea, na kijana wa miaka 20 au 25 huanza kuchechemea kama mzee. Kadiri tiba inavyoboreka na watoto wengi zaidi wa selimundu wanavyofikia utu uzima, ndivyo nyonga hizi zitakavyoongezeka. Tuwaongeze hapo wazee waliovunjika shingo ya paja na majeruhi wa bodaboda, na itakuwa wazi kwamba suala hili si la kuazima kutoka ng'ambo.

Umri wa mgonjwa ni hoja yenye uzito. Aliyebadilishiwa nyonga akiwa na miaka 75 huenda asiishi muda mrefu wa kutosha kuuona udhaifu wa kifaa chake. Aliyebadilishiwa akiwa na miaka 25 atakitembelea kwa miongo mingi. Mtu wa kawaida hukanyaga kwa kila mguu kiasi cha mara milioni 1 kwa mwaka, au zaidi. Kasoro ndogo kama unywele, ikizidishwa mara milioni kadhaa, huwa jambo kubwa.

Kifaa na siri yake

Nyonga ya kubadilishia ilipata umbo lake la kisasa Uingereza, pale John Charnley alipoanza mwaka 1962 kutumia shina la chuma lenye kichwa kidogo kilichozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Shina na kichwa vilikuwa kitu kimoja. Baadaye wahandisi walivitenganisha. Shina huingizwa katika uwazi wa mfupa wa paja, na kichwa, ambacho huwa cha chuma au cha kauri, hupachikwa juu yake wakati wa upasuaji. Faida yake ni dhahiri. Daktari huweza kuchagua ukubwa wa kichwa na urefu wa shingo kulingana na mwili ulio mbele yake. Isitoshe, miaka mingi baadaye kichwa kikiharibika huweza kubadilishwa bila kung'oa shina.

Siri ya kifaa hiki imo katika maungio hayo. Hakuna skrubu wala gundi. Ncha ya shina imechongoka kidogo: katika muundo mmoja ulioenea sana, upana wake ni takriban milimita 12 juu na milimita 14 chini. Kichwa nacho kina tundu lililochongwa kwa mchongoko uleule. Daktari hukausha na kusafisha ncha, hukivika kichwa juu yake, kisha hukipiga kwa nyundo kupitia kifaa cha kugongea chenye ncha laini. Kichwa hujibana, na msuguano pekee ndio unaokishika kwa maisha yote ya mgonjwa.

Hapa ndipo pigo linapokuwa na maana. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kadiri kani ya kupachika inavyokuwa kubwa, ndivyo kani inayohitajika kukichomoa kichwa inavyokuwa kubwa, karibu kwa uwiano usiobadilika. Watafiti kadhaa wamependekeza kani isiyopungua kilonyutoni 4, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 400 hivi, japo kwa kitambo kifupi mno. Majaribio hayo pia yameonyesha kwamba linaloamua ni pigo kubwa kuliko yote, na kwamba mapigo mengi madogo hayajumlishwi yakawa moja kubwa. Pigo lililokwenda upande hupunguza uimara. Damu, mafuta au chembe za mfupa zikibaki katikati, uimara huweza kupungua vilevile. Na bado, madaktari walipopimwa, walionekana kutofautiana sana katika nguvu za mapigo yao.

Kichwa kilichopachikwa kwa pigo hafifu hakianguki siku hiyo. Hutikisika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kila hatua mtikisiko wake. Mtikisiko huo hukwangua utando mwembamba ambao kwa kawaida huilinda metali isiliwe. Majimaji ya mwili yenye chumvi huingia katika mwanya, huko ndani hewa ya oksijeni huadimika, asidi huongezeka, na kutu huanza. Vumbi na chumvi za metali huvuja katika nyama zinazozunguka nyonga na kuleta maumivu, uvimbe na hata kufa kwa nyama hizo. Mnamo Julai 2012, kampuni ya Stryker iliondoa sokoni aina mbili za mashina yake, Rejuvenate na ABG II, ambayo shingo zake zilipachikwa kwa namna hii, kwa sababu ya msuguano na kutu katika maungio hayo.

Mtu asidhani basi kwamba dawa ni kupiga kwa nguvu zote. Pigo hupita kichwani likafika mfupani, na mfupa wa mgonjwa wa selimundu mara nyingi ni mgumu mahali pamoja na dhaifu mahali pengine, huweza kupasuka. Kichwa cha kauri nacho, kikipigwa vibaya au kikipachikwa juu ya ncha iliyokwaruzika, huweza kuvunjika. Linalotakiwa ni pigo la kutosha, lililonyooka, juu ya ncha safi.

Fundi alijua

Aya zilizotangulia zimeandikwa kwa Kiswahili bila shida kubwa. Hata hivyo, zinalo pengo moja ambalo msomaji makini amekwisha kuliona: ncha iliyochongoka haikupewa jina. Wapo watakaopendekeza tukope na kusema "tepa". Pendekezo hilo halifai, wala si kwa sababu ya chuki dhidi ya maneno ya kigeni. Kiswahili kimekopa tangu zamani na kimenawiri. Tatizo ni kwamba neno hilo, kwa sikio la Mswahili, huketi jirani na "tepeta" na "tepetevu", maneno ya kitu kilicholegea. Tutakuwa tumekiita kitu ambacho uhai wake wote ni kukaza kwa jina linalonong'ona ulegevu.

Ilhali jina lipo. Jembe la kienyeji, shoka na tezo vina sehemu ya nyuma ya chuma iliyochongoka, inayoingia katika tundu la mpini. Sehemu hiyo huitwa msuka. Hauna msumari wala gundi. Fundi huutia msuka katika tundu, hugongesha, na chuma hujibana katika mti. Zaidi ya hayo, kila mkulima anapolima na kila mchongaji wa Malindi anapoteremsha tezo juu ya gogo, pigo la kazi yenyewe huusukuma msuka ndani zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ileile ya nyonga ya kisasa: uzito wa mtu anayetembea huukandamiza mpachiko badala ya kuufungua. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Aliyeunda jembe alizifahamu kani hizi kabla ya maabara kuzipa tarakimu.

Kwa hiyo yafaa ncha ya shina iitwe msuka, na mahali pa kichwa paitwe tundu la msuka. Kitendo chenyewe kiitwe kupachika, na matokeo yake mpachiko. Kwa kuwa wanafizikia wa Kiswahili wamekwisha kukubaliana juu ya "kani", nguvu ya kitendo hicho iwe kani ya kupachika, na ile ya kukichomoa kichwa iwe kani ya kuchomoa. Istilahi hizi ni fupi, zinanyambulika kwa urahisi, na kila moja inabeba picha ya kazi. Mgonjwa aliyewahi kutia jembe mpini hahitaji mchoro ili aelewe kwa nini pigo moja la haki hupita mapigo kumi ya woga.

Maneno yanayopotosha

Kupata neno zuri hakutoshi iwapo maneno yaliyokwisha kuenea yanapotosha. Mawili yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni "kiungo". Neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Ni mahali mifupa miwili inapokutana. Ni sehemu yoyote ya mwili, kama mkono au mguu. Ni bizari na iliki katika chungu. Ni mchezaji wa katikati uwanjani. Daktari akimwambia mgonjwa kwamba "kiungo kimelegea", mgonjwa hawezi kujua iwapo kilicholegea ni nyonga nzima, ni shina ndani ya mfupa, au ni kichwa juu ya msuka. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, yenye tiba tatu tofauti. Yafaa "kiungo" libaki la mwili, na "mpachiko" liwe la kifaa.

La pili ni "bandia". Tumezoea kusema nyonga bandia, meno bandia, mguu bandia. Lakini neno hilohilo ndilo linalotumiwa kwa noti bandia na dawa bandia, yaani vitu vya ulaghai. Mzee anayeambiwa kwamba mwanawe atawekewa nyonga bandia ana haki ya kushtuka. "Nyonga ya kuundwa" au "nyonga ya kupandikizwa" yangemtuliza bila kumdanganya. Wanafunzi wanaoandika tasnifu za semantiki hawana haja ya kutafuta mifano mbali.

Mahali mfano unapokoma

Haki inataka ielezwe pia mahali ambapo jembe na nyonga huachana, maana mfano unaopendwa kupita kiasi hugeuka kuwa uongo. Mpini wa mti una unyevu na unyumbufu. Chuma na kauri havina. Jembe likilegea, mkulima hulizamisha majini mti uvimbe, au huligonga jiweni likakaza tena. Nyonga ikilegea, hakuna jiwe la kuigonga. Dawa yake ni kupasuliwa upya. Na jembe hutoa sauti na kuchezacheza kabla ya kuchomoka, wakati kutu ya msuka huweza kufanya kazi kimyakimya kwa miaka.

Tofauti hii ndiyo yenye manufaa makubwa kwa mgonjwa. Akishaelewa kwamba nyonga yake ina vipande vilivyopachikwa, ataelewa pia kwa nini aambiwe arudi hospitalini iwapo kinena kitauma upya, iwapo nyonga itavimba, au iwapo atasikia mlio asiouzoea. Ataelewa kwa nini atunze karatasi yenye jina na namba ya kila kipande alichopachikiwa, kwani kifaa kikiondolewa sokoni kama ilivyotokea 2012, namba hiyo ndiyo itakayompa habari. Asiyejua kwamba ndani yake mna mpachiko atayaita maumivu hayo baridi yabisi, atajipaka dawa ya mafuta, na atachelewa.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba kani ya kupachika ni siri ya daktari, na mgonjwa haimhusu. Ni kweli kwamba mgonjwa hatashika nyundo. Lakini Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na tiba yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia pia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo mbili zikikutana katika wodi bila maneno, zinabaki wino. Tena mgonjwa si msikilizaji pekee. Wauguzi na wasaidizi wa chumba cha upasuaji huzungumza Kiswahili wao kwa wao, na muuguzi anayejua kwamba msuka lazima uwe mkavu ndiye atakayeshika kitambaa safi kwa wakati ufaao.

Wapo pia watakaosema kwamba istilahi za kikulima hazina hadhi ya kitaaluma. Pingamizi hili linasahau kwamba lugha nyingine zilifanya hivyo hivyo. Mchongoko huu wenyewe uliingia hospitalini kutoka karakana ya mafundi wa chuma, ambako tangu karne ya 19 ulitumika kushikia keekee katika mashine za kutobolea. Madaktari wa ng'ambo hawakuona aibu kukopa kutoka kwa fundi. Aibu iwe yetu kwa nini?

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi. Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi huanza maisha kwa Kigiriama, Kichonyi au Kikauma, si kwa Kiswahili. Jibu si kuzikanyaga lugha hizo. Lugha za Kimijikenda na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na msamiati wa ufundi umevuka mipaka yao kwa karne nyingi. Kinachotakiwa ni kukusanya maneno ya wafua vyuma na wachongaji katika lugha hizo pia, ili istilahi itakayosanifishwa iwe na mizizi katika udongo ambao mgonjwa ameukanyaga.

Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni hazina, nazo zilikamilishwa na watu waliokuwa na vifaa vichache kuliko mwanafunzi wa leo mwenye kinasasauti mfukoni. Lakini kamusi haiwezi kukaa karakanani kwa niaba yetu.

Yapo mambo matatu ambayo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, hususan vile vilivyo karibu kama Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, vinaweza kuyafanya bila kungoja fedha za wafadhili. Wanafunzi wakae na wahunzi, wachongaji na waunda mashua, waandike majina ya kila sehemu ya chombo na kila kitendo cha kupachika, kukaza, kulegea na kuchomoka. Kisha waketi na wauguzi na madaktari, walinganishe majina hayo na sehemu za vifaa vya upasuaji. Mwisho, wayapime maneno kwa mgonjwa mwenyewe, kwa kumwomba arudie kwa maneno yake yale aliyoelezwa. Istilahi atakayoirudia bila kubabaika ndiyo iliyofaulu. Ile atakayoinyamazia, hata ikiwa imepitishwa na kamati ya maprofesa, haijafaulu bado.

Kiswahili kitatosha sayansi siku kitakapomtosha mtu huyu mmoja: kijana wa Magarini mwenye selimundu, anayeuliza kabla ya kutia sahihi iwapo kichwa cha nyonga yake kitapigwa sawasawa juu ya msuka wake, na daktari akamjibu kwa lugha hiyohiyo.